Wahitimu wa udaktari wa meno, wilayani kuna kazi: njooni, ila mjue mnachokuja kukikuta

Koleo la Magharibi

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa vijana wa udaktari wa meno: mlio kwenye utarajali (mwaka wa mazoezi ya kazi baada ya chuo), na mliomaliza utarajali mnasubiri kibali cha ajira huku mkishika zamu kwenye kliniki za Mikocheni na Sinza na kulipwa kwa asilimia. Na wazazi wenu pia, maana nimeshamwona mzazi akimkataza mtoto kuripoti kituoni kwa sababu ameangalia ramani akaona ni mbali.

Mimi ni daktari wa meno katika wilaya moja ya magharibi mwa nchi. Siwaombi mje kwa huruma. Maneno ya huruma na uzalendo mmeyasikia kwenye kila mahafali, na sijaona yamempeleka nani Kakonko. Naandika kwa sababu kazi ya huku mnasimuliwa vibaya na pande mbili: kuna wanaosema ni kujizika, na kuna wanaosema ukifika tu wanakijiji watakupenda na mengine yatajipa. Wote hawajui.

Shirika la Afya Duniani linasema kanda ya Afrika ina madaktari wa meno 0.33 kwa kila watu 10,000, yaani daktari mmoja kwa watu kama 30,000, na hiyo ni karibu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Sasa gawa tena, kwa sababu wengi wa hao wachache wako mijini. Muhimbili inafundisha udaktari wa meno tangu mwaka 1979, lakini ukitoka barabara kuu bado utakuta tarafa nzima ambayo jino likiuma mtu anaanza na karafuu, anahamia kwenye panado, kisha tumbaku, kisha antibayotiki za duka la dawa nusu dozi. Akija kwako, haji tena kwa ajili ya jino. Shingo imevimba pande zote mbili chini ya taya, ulimi umesukumwa juu, hawezi kumeza mate wala kulala chali. Hapo unapigania njia ya hewa. Kifo cha jino kipo, na walio mjini wengi hawajawahi kukiona.

Halafu kuna uvimbe wa taya. Ule unaokua taratibu bila maumivu, mtu anaufuga kwa miaka mpaka uso unapinda, na akifika hospitali ya rufaa hakuna namna ila kukata taya. Na ule wa watoto unaokua kwa kasi, meno yanalegea ndani ya wiki chache, ambao Denis Burkitt aliueleza akiwa Uganda mwaka 1958. Huu wa pili ni saratani inayosikia dawa vizuri sana ukiwahiwa. Nani atauwahi? Mtoto hapelekwi kwa bingwa wa saratani, analetwa kwa mtu wa meno kwa sababu meno yanacheza. Kama hakuna mtu wa meno, jino linang'olewa na yeyote aliyepo na mtoto anarudishwa nyumbani.

Na meno ya plastiki. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu darasani tulipitishwa haraka mno. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa. Bibi anafunua mdomo, anaona vinundu vyeupe kwenye fizi mahali pa chonge, anasema hayo ni meno ya plastiki, ndiyo yanayomuua mtoto. Anaitwa fundi, anachokonoa kwa msumari, wembe au spoku ya baiskeli. Kinachotoka ni kichipukizi cha chonge cha utotoni, cheupe na laini kwa sababu bado hakijakomaa, na bibi anakionyesha kama ushahidi. Mtoto anavuja damu, anaweza kupata maambukizi, na kule kuharisha ambako kungetulia kwa ORS na zinki hakuna aliyekushughulikia. Akipona, atakuja kuota chonge la ukubwani lililopinda au lisiote kabisa. Kumkaripia bibi hakusaidii: atakuitikia, kisha atampeleka usiku. Kinachosaidia ni kukaa na wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto, waseme habari ya fizi siku ileile wanayosema habari ya chanjo, kabla mtoto hajaanza kuharisha. Hiyo ni kazi ya daktari wa meno, na haihitaji hata kiti cha kutibia meno.

Ndipo nifike kwenye kiti. Utaambiwa kipo. Kipo kweli, kimefunikwa shuka. Kompresa, ile mashine ya upepo inayoendesha vifaa vya kiti, ilikufa, fundi yuko mkoani na hana gari. Sehemu kubwa ya kazi kwenye vituo vya serikali ni kung'oa, na kijana aliyefundishwa kutibu mzizi na kuvisha kofia za meno anajiona anageuka fundi wa koleo. Wengi huondokea hapa. Si mshahara peke yake, ni kuona mikono inasahau.

Lakini kuna jambo tunalisahau, na linauma zaidi kwa sababu limeanzia kwetu. Mbinu ya kuziba jino bila mashine, ile inayoitwa ART, ilianza kujaribiwa hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa huduma za msingi za kinywa wa shule ya meno ya Dar es Salaam, Jo Frencken akiwa mmoja wa walioianzisha. Unachimbua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono, unasafisha, unajaza glasi ayonoma, saruji ya kuzibia jino, kwa kidole, unasubiri igande. Bila umeme, mara nyingi bila ganzi, na mgonjwa anaweza kulala kwenye dawati la shule. Leo inatumika dunia nzima. Kwenye shimo la upande mmoja inadumu vizuri. Shimo likishakula pande mbili tatu, usijidanganye. Kuna pia floridi ya fedha, unapaka, uozo unasimama na kugeuka mweusi. Mama atalalamikia rangi, mweleze kabla hujapaka. Tangu mwaka 2021 glasi ayonoma, floridi ya fedha na dawa ya meno yenye floridi zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mfamasia wa wilaya akikuambia hayo ni mambo ya urembo, mwonyeshe.

Kwa hiyo ninachosema ni hiki: usije ukitegemea kiti. Njoo na mikono inayoweza kufanya kazi bila kiti, halafu kidai kiti ukiwa unafanya kazi. Anayekaa ofisini akisubiri vifaa vije ndipo aanze, ndiye huyohuyo anayeomba uhamisho mwaka wa kwanza.

Karibuni tujadili.

---

Mtarajali Mbishi

Dokta, umeandika vizuri ila umeruka swali. Nafasi ziko wapi?

Mnatuhimiza twende wilayani kana kwamba tumeitwa tukakataa. Tangazo la ajira za kada za afya likitoka, tafuta mstari wa daktari wa meno. Nafasi za kuhesabu kwa vidole, tunaoomba ni mafuriko. Wenzangu wako tayari kwenda hata Ukerewe, hawajaitwa. Mmoja alikwenda kujitolea kwenye halmashauri moja, akapewa barua nzuri na chumba cha kulala, posho hakuna. Akawa anaishi kwa fedha za kaka yake. Bodi ya Mikopo nayo haijui kujitolea.

Tatizo si moyo wa kijana. Tatizo ni ikama, yaani idadi ya watumishi inayoruhusiwa. Kwenye karatasi wilaya ina daktari wa meno mmoja, na huyo mmoja ndiye mratibu, anashinda kwenye vikao. Sasa nani anatibu?

---

Tabibu wa Pwani

Natibu mimi, mdogo wangu.

Mimi ni tabibu wa kinywa na meno, stashahada ya miaka mitatu. Kwenye kituo cha afya cha tarafa ndiye utakayemkuta huyu, si daktari. Nimeona madaktari wa meno wakija na kuondoka, na nitasema ambalo Dokta Koleo amelisema kwa adabu: wengine hawaondoki kwa sababu ya kompresa. Wanaondoka kwa sababu hawakujua kwamba kazi ya daktari wilayani ni kuwasimamia matabibu, na kusimamia hawajafundishwa. Anakuja, ananinyang'anya koleo, ang'oe yeye. Mimi nimeng'oa meno kabla yeye hajaanza kidato cha kwanza. Ninachohitaji kwake ni kitu kingine: anifundishe kutambua uvimbe mbaya mapema, apokee rufaa yangu bila kunikejeli mbele ya mgonjwa, anipiganie kwenye bajeti, aje kituoni kwangu hata mara moja kwa robo mwaka na aniletee ganzi.

Nilipata mmoja wa hivyo. Alikuwa binti mdogo, anapanda bodaboda na sanduku la vifaa mgongoni. Alitufundisha kuziba kwa mkono shuleni, siku za kliniki tembezi, mpaka walimu wakawa wanaandaa orodha ya watoto wenyewe. Alipokwenda kusomea ubingwa kazi haikufa, kwa sababu hakuwa ameishika peke yake.

Kwa hiyo vijana, mkija, msituruke.

---

Koleo la Magharibi

Kaka Tabibu, nimekuelewa na sina la kuongeza hapo.

Mtarajali, kuhusu nafasi una haki, na sitajifanya sijui. Lakini nikwambie jinsi nafasi inavyozaliwa, maana wengi wanadhani inashushwa kutoka Dodoma tu. Halmashauri inaandaa makisio ya ikama na kuomba kibali. Kama hakuna mtu wa meno anayesema kwenye timu ya usimamizi wa afya ya halmashauri, mstari wa meno ndio wa kwanza kukatwa, kwa sababu mganga mkuu wa wilaya analaumiwa kwa vifo vya wajawazito, halaumiwi kwa jino. Wilaya isiyo na daktari wa meno haiombi daktari wa meno. Huo ndio mduara, na hauvunjwi na tangazo.

Kujitolea bila posho siungi mkono. Mtu mwenye leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika si kibarua wa bure. Kama kituo kinakutaka, kikulipe kwa mkataba kutoka mapato yake ya ndani, hata kama ni kidogo, na uandikiwe. Vipo vinavyofanya hivyo. Hospitali za makanisa nazo zimekuwa zikichukua watu kwa mikataba muda mrefu, na taasisi ya Benjamin Mkapa imewahi kupeleka wataalamu wa afya kwenye wilaya zenye upungufu kwa mikataba inayoeleweka. Ulizeni huko, msitazame mlango mmoja.

---

Pesa Mbele

Wakuu, mbona wanasheria hamwaambii waende vijijini? Wahandisi je? Kijana amesoma miaka mitano, ana deni la Bodi, anataka kuoa. Kuna wateja Masaki wanataka meno yanyooshwe na yang'arishwe. Mwacheni.

Kama serikali inaona ni muhimu iweke sheria. Afrika Kusini walifanya: madaktari tangu 1998, wa meno tangu 2000, mwaka mmoja wa lazima kwenye hospitali za umma ndipo upate leseni ya kujitegemea. Kwisha. Hizi nasaha za mitandaoni hazijengi kitu.

---

Koleo la Magharibi

Pesa Mbele, Masaki sina ugomvi nayo. Anayetaka kung'arisha meno naye ni mgonjwa wa mtu.

Kuhusu lazima: inaleta mtu, haimbakizi. Mwaka ukiisha anaondoka na mwingine asiyejua choo kiko wapi anaingia. Afrika Kusini wao wanalipa mshahara kamili katika mwaka huo, kwa hiyo kabla hujaniletea sheria niletee kwanza fedha za mshahara, la sivyo turudi kwa Mtarajali na barua yake nzuri. Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wa namna ya kuwabakiza watumishi vijijini mwaka 2010, likauhuisha 2021, na ushauri wa mbele kabisa ni kuchukua wanafunzi waliotoka vijijini na kuwapeleka wanafunzi wakajifunzie vijijini wakiwa bado chuoni. Mimi naamini hilo kuliko sheria. Kijana aliyekulia Namtumbo haogopi Namtumbo. Anayeogopa ni yule ambaye mara ya kwanza kuona zahanati isiyo na maji ni siku ya kuripoti.

---

Bi Mkubwa wa Arumeru

Wanangu, samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wasomi.

Huku kwetu karibu na Maji ya Chai meno ya watoto yanaota na madoa ya kahawia, na kuna waliopinda miguu. Wametujia vijana wa meno wakagawa miswaki wakapiga picha. Miswaki tuliipokea, lakini doa halitoki kwa mswaki. Mjukuu wangu wa kike hacheki shuleni, anaziba mdomo kwa mkono. Huyo daktari mnayemshawishi aje kijijini, kwetu atafanya nini?

---

Koleo la Magharibi

Shikamoo mama. Swali lako ndilo zito kuliko yote humu.

Doa lile limeingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya taya, kwa floridi iliyozidi kwenye maji. Kiwango kinachoshauriwa duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vya kwenu vinapita hapo mara kadhaa. Nchi yetu yenyewe kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8, si kwa sababu ilikuwa salama, ila kwa sababu maji mengine hayakuwepo. Baadaye kiwango kikateremshwa, na sasa ni 1.5. Kituo cha Ngurdoto kimekuwa kikifanyia kazi chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, linanyonya floridi, ila lazima libadilishwe likichoka, na hapo ndipo kaya nyingi hushindwa. Magadi mnayolainishia maharage na makande nayo yana floridi, hilo watu hawaambiwi. Mtoto aliye chini ya miaka minane ndiye wa kulindwa kwanza: apikiwe bila magadi, na maji ya mvua yakipatikana yawe ya kunywa yeye.

Mjukuu wako, kama meno yameshaota, madoa ya juu yanaweza kupunguzwa kwa kusugua tabaka la juu kwa dawa maalumu, na makubwa kufunikwa kwa kuziba kwa rangi ya jino. Hiyo inafanyika hospitali ya mkoa na za rufaa. Usikubali mtu amkwangue kwa jiwe au kisu.

Na daktari wa kwenu kazi yake si miswaki. Kazi yake ni kuingia ofisi ya mamlaka ya maji akiwa na orodha ya watoto shule kwa shule, na kukaa pale mpaka asikilizwe. Wachache wetu tumefundishwa hivyo. Nakubali, na Muhimbili wanisome.

---

Mwana wa Nakuru

Mama wa Arumeru, pole. Huku kwetu Bonde la Ufa ni hayo hayo, meno ya kahawia tangu mababu.

Madaktari, kwetu Kenya tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013 kaunti ndiyo inaajiri. Imesaidia mahali ambapo gavana anajali, na imeumiza mahali ambapo mishahara inachelewa. Binamu yangu wa meno alikuwa ameshazoea kazi kaunti moja ya kaskazini, watu wanampenda, lakini mishahara ilipochelewa mara ya tatu akarudi Nairobi. Hakukimbia jua wala ngamia. Alikimbia benki iliyokuwa inampigia simu.

---

Mtarajali Mbishi

Haya, tuseme mkataba umepatikana. Nafika Jumatatu, kiti kimekufa kama ulivyosema. Nifanye nini ambacho si kusubiri? Na nije na vifaa vyangu au nitaonekana mjinga?

---

Koleo la Magharibi

Njoo na vifaa vya mkono vya kuzibia, seti mbili, na kioo na kitafutio (sindano ya kuchunguzia jino) vya kutosha ili usisubiri vinavyochemshwa. Koleo usinunue, utayakuta. Otokleivu, mashine ya kuua vijidudu kwenye vyombo, ya kwako usinunue pia, tumia ya chumba cha upasuaji, jenga urafiki na muuguzi wa pale mapema kwa sababu yeye ndiye atakayeamua vyombo vyako vinaingia au haviingii.

Wiki ya kwanza usitibu sana, fungua rejista za nyuma. Hesabu waliong'olewa, waliopewa rufaa, waliorudishwa kwa kukosa ganzi. Hao wa mwisho ndio silaha yako, kwa sababu kila aliyerudishwa ni mapato yaliyopotea, na mganga mfawidhi lugha hiyo anaielewa kuliko lugha ya mateso ya wagonjwa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo na kituo kinapanga chenyewe. Kwa hiyo kompresa yako haiko Dodoma, iko kwenye kikao cha kupanga bajeti ya kituo, na kikao hicho kinakaa miezi mingi kabla ya Julai. Ukifika mwezi wa tano ukaanza kuomba, umeshachelewa mwaka mzima. Ganzi na glasi ayonoma viandikwe kwenye maoteo (makadirio ya mahitaji) ya Bohari ya Dawa kwa jina na idadi. Ukiandika tu "vifaa vya meno" utaletewa glavu.

Kompresa yenyewe, kabla hujaomba mpya, mwite fundi friji wa mjini aiangalie. Mara nyingi ni mkanda au swichi ya presha.

---

Tabibu wa Pwani

Swichi ya presha. Ya kwetu ilikuwa hiyohiyo. Mtarajali, ukipangiwa upande wa Tanga nitafute, nina kioo cha ziada.